Kosa la kujumlisha: pigo moja linavyozaa kukata tamaa

Kujumlisha kupita kiasi ni kosa la fikra: mtu hupatwa na baya moja, akaligeuza kuwa kanuni ya maisha yake yote. Kijana wa Kindu, mashariki ya Kongo, aliyeanguka mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari husema hana akili ya shule. Mkulima ambaye mchele wake umeharibika akingoja treni ya kwenda Katanga husema biashara haikuandikwa kwa ajili yake. Mtihani ni wa mwaka mmoja na hasara ni ya mzigo mmoja, lakini hukumu imefunika umri mzima.

Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani, alilieleza kosa hili katika miaka ya 1960 alipochunguza mawazo ya wagonjwa wa sonona. Dalili yake husikika katika usemi: siku zote, kamwe, watu wote, hakuna hata mmoja.

Hukumu hiyo hujilisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni matendo. Anayeamini kwamba biashara haimfai hapeleki tena mchele sokoni, basi hapati mauzo mazuri ambayo yangemkanusha. Ya pili ni kumbukumbu. Mwaka 1986 watafiti Mark Williams na Keith Broadbent walionyesha kwamba watu waliowahi kujaribu kujiua, walipoombwa kukumbuka tukio moja mahususi, mara nyingi walijibu kwa jumla, bila siku wala mahali. Asiyekumbuka siku aliyofaulu hana ushahidi wa kujitetea mbele ya mawazo yake mwenyewe.

Mashariki ya Kongo mapigo yenyewe ni mazito. Kindu ilitekwa na kundi la waasi la RCD mwaka 1998, na familia nyingi za jimbo lake la Maniema zingali na majeraha ya vita. Kumwambia mtu wa hapa kwamba anawaza vibaya tu ni kumdhulumu. Hata hivyo, maumivu ya kweli yanaweza kuzaa hukumu inayozidi kipimo. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono. Baadhi yao walipata tiba ya vikundi, wakajifunza kupima imani zao kuhusu usalama, kujilaumu na kuwaamini wengine. Wengine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, asilimia 9 ya kundi la kwanza walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, ilhali katika kundi la pili walikuwa asilimia 42. Tiba haikukana yaliyotokea, iliyawekea mipaka.

Kazi ya kuweka mipaka huanza kwa maswali: nini kilitokea, wapi, lini, na nini hakikuguswa? Kijana akigundua kwamba alishindwa hesabu na kufaulu Kifaransa, ana kazi ya kufanya badala ya aibu ya kubeba. Kisha hutafutwa tukio linalopinga hukumu, na hatua ndogo ya kuijaribu upya. Wazazi na walimu nao wataje kosa lililofanyika, wasimpachike mtoto jina la mjinga. Huzuni ikidumu wiki kadhaa, au mtu akiwaza kujiua, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.