Kilo ya Korosho na Chuma Kinachoipima (2): Amplifaya Ikae Wapi?

Wiki iliyopita tulieleza kilichomo chini ya sahani ya mizani ya dijitali inayotumiwa na vyama vya msingi vya Masasi na Newala. Ni kipande cha chuma, mafundi hukiita lodi seli, kilichogandishwa nyuzi nyembamba za umeme. Gunia likiwekwa, chuma hupinda kiasi kisichoonekana kwa macho, nyuzi huvutika, na ukinzani wake hubadilika. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza badiliko hilo mwaka 1856. Mwaka 1938 Edward Simmons na Arthur Ruge wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waliligeuza kuwa kifaa cha kupimia.

Leo tuzungumzie ununuzi. Wauzaji wanatuletea lodi seli za kawaida na zile zenye amplifaya ndani yake. Za pili ni ghali zaidi, na wengi hudhani kwa hiyo ndizo sahihi zaidi. Sivyo.

Chukua lodi seli ya kilo 300 inayotoa milivolti 2 kwa kila volti inayolishwa. Ukiilisha volti 10, mzigo wa kilo 300 utatoa milivolti 20 tu. Gunia la kilo 80 litatoa milivolti 5.3, na kilo moja haifikii hata sehemu ya kumi ya milivolti. Umeme mdogo hivyo ukipita kwenye waya mrefu kando ya mota, ni kama mtu anayenong'ona mnadani: maneno yake ni ya kweli, ila kelele zinayameza. Amplifaya iliyomo ndani ya lodi seli huukuza umeme huo kabla haujaanza safari, ukatoka kama volti 0 hadi 10, au miliampea 4 hadi 20.

Kwa waya mrefu, chagua miliampea. Mkondo haupungui njiani kwa sababu ya urefu wa waya, na sahani tupu husomeka miliampea 4, si sifuri. Panya wa ghalani wakikata waya, mkondo hushuka hadi sifuri na mtambo hujua mara moja kuwa kuna hitilafu. Hauwezi kudhani kwamba hopa, yaani pipa linalolisha mashine, imekwisha korosho.

Basi nani anaihitaji amplifaya ya ndani? Mizani ya chama cha msingi haiihitaji. Kioo chake kiko hatua moja kutoka kwenye sahani, na amplifaya tayari imo ndani ya kioo hicho. Umeme ukipanda ghafla na kuiunguza, fundi hubadilisha kioo, halafu mizani huhakikiwa upya. Ingekuwa ndani ya lodi seli, mara nyingi ungelazimika kuitupa lodi seli nzima.

Kiwanda cha kubangua ni habari nyingine. Hopa inayolisha mashine iko mbali na chumba cha udhibiti, mota zinanguruma, na kompyuta ya mitambo inasubiri miliampea zake. Hapo amplifaya ya ndani inastahili bei yake. Ila uliza kiwango chake cha joto, maana vifaa vya elektroniki huchoka kwa joto mapema kuliko chuma kitupu. Karibu na tanuri la kukaushia, weka lodi seli ya kawaida na amplifaya yake kwenye kisanduku mahali penye ubaridi.

Uwezo nao upigiwe hesabu. Hopa yenye uzito wa kilo 600, ikibeba korosho kilo 1,200 juu ya lodi seli tatu, huipa kila moja ya hizo tatu kilo 600. Nunua za kilo 1,000, zibaki na nafasi ya mtikisiko na mzigo kuegemea upande mmoja. Ukinunua za kilo 5,000 "kwa usalama", umeme unaotoka unakuwa mdogo mno na usomaji unayumba.

Lipo jambo ambalo amplifaya yoyote haiwezi kulirekebisha. Lodi seli hupima nguvu ya mvutano wa dunia, na mvutano huo haulingani kila mahali. Mizani iliyorekebishwa Ujerumani, ikaletwa Newala bila kurekebishwa upya, italisoma gunia la kilo 80 pungufu kwa takriban robo kilo. Kwa mkulima wa magunia hamsini, hizo ni takriban kilo 12 za jasho lake. Ndiyo maana mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kwa mawe halisi, pale pale itakapotumika, kabla msimu haujafunguliwa.

Tangu msimu wa 2007/2008, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho hupimwa chamani na kupimwa tena ghala kuu. Mizani mbili zisipokubaliana, tofauti yote husukumiwa kwenye unyaufu na mkulima hukosa la kujibu. Bodi ya chama inayonunua mizani imwulize muuzaji mambo manne: uwezo, umbali wa waya, joto na unyevu wa mahali, na nani atakayehakiki baada ya matengenezo. Asiyeweza kuyajibu kwa maandishi asikabidhiwe imani ya wanachama.

Wiki ijayo: mizani ya malori, na jinsi ya kutambua lodi seli inayokufa polepole.