Malale Kasongo na Kabambare: ugonjwa wa ubongo unaosomwa bila picha

Mtu anaanza kusinzia mchana akiwa shambani, na usiku ukifika hapati usingizi. Miezi inapita, anagombana na majirani bila sababu, anacheka peke yake, miguu inayumba. Nyumbani wanasema ni wazimu, au amerogwa. Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kuna swali la kuuliza kabla ya hayo: je, si malale?

Malale huletwa na kimelea kinachoenezwa na mbung'o, nzi anayependa misitu ya kandokando ya mito. Kimelea hicho hukaa kwanza katika damu na tezi, kwa miezi au hata miaka, mgonjwa akiwa na homa ya kuja na kuondoka. Baadaye huingia ubongoni. Asipotibiwa, karibu kila mara mgonjwa hufa. Kwa hiyo mganga ana mambo mawili ya kutafuta: kama kimelea kipo, na kama kimekwisha kufika kichwani.

Ulaya na Marekani, mtu mwenye dalili za kichwani hupelekwa kwenye mashine ya MRI. Mfano ni ugonjwa unaoitwa kwa kifupi MS, ambapo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu. Picha huonyesha madoa meupe ubongoni na kwenye uti wa mgongo, na madaktari huyahesabu kwa kufuata vigezo vya McDonald, vilivyotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa. Lakini hata huko picha haimalizi kazi kila mara. Marekebisho ya 2017 yaliyapa nafasi kubwa zaidi maji yanayotolewa mgongoni kwa sindano, yakamilishe ushahidi ambao picha moja haitoshi kuutoa.

Kwa malale, sindano hiyo ndiyo yenye neno. Hata kama mashine ya MRI ingeshushwa kesho katikati ya Kasongo, pamoja na umeme usiokatika na daktari wa kusoma picha, ingeonyesha uvimbe na mabadiliko yanayofanana na ya magonjwa mengine mengi. Kimelea chenyewe isingekionyesha. Hadubini hukionyesha.

Kazi huanza kwa vidole. Muuguzi hupapasa nyuma ya shingo akitafuta tezi zilizovimba. Mbinu hiyo ina historia ya karibu sana na Kasongo. Mwingereza Joseph Dutton na Mkanada John Todd, waliosafiri Kongo kuanzia 1903, walikuwa miongoni mwa waliohimiza kupapasa tezi ili kuwapata wagonjwa mapema. Dutton ndiye aliyekitambua kimelea hiki katika damu ya binadamu huko Gambia, miaka michache kabla. Hakurudi kwao. Alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30, kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza.

Baada ya vidole, tone la damu. Tangu 1978 kuna kipimo cha kadi kinachotoa jibu kwa dakika chache, na siku hizi kuna vipimo vya haraka visivyohitaji umeme. Vikionyesha dalili, kimelea hutafutwa katika damu au maji ya tezi. Zamani kila aliyepatikana nacho alichomwa sindano ya mgongo. Chembe nyeupe zikizidi 5 katika mikrolita moja ya maji hayo, ugonjwa ulihesabiwa umefika ubongoni.

Jibu hilo lilikuwa zito. Dawa ya hatua ya pili ilikuwa melarsoprol, yenye aseniki ndani yake, iliyowaua takriban wagonjwa 5 katika kila 100 waliotibiwa. Kuanzia 2009 ilianza kuachwa, ikafuata tiba ya kutundikiwa dripu 14 pamoja na vidonge. Ni salama zaidi, ila fikiria kubeba maboksi ya dripu kwa pikipiki hadi Kabambare.

Mabadiliko makubwa yalikuja na fexinidazole, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa baada ya chakula, vilivyokubaliwa mwishoni mwa 2018. Kwa kuwa vinatibu hatua zote mbili, wagonjwa wengi hawahitaji tena kuchomwa mgongo. Wanaobaki ni wenye dalili nzito za kichwani na watoto wadogo, chini ya miaka 6 au kilo 20. Si jambo dogo. Wapo waliokuwa wakiikimbia timu ya upimaji kwa hofu ya sindano hiyo tu.

Mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000. Kufikia 2018, dunia nzima haikufika 1,000. Na hapo ndipo penye hatari kwa vijiji vya kusini: ugonjwa ukiwa haba, timu za kuzunguka hupungua, na muuguzi kijana anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuona kimelea hata mara moja. Dawa nyingine, acoziborole, inayomezwa mara moja tu, ilitoa matokeo mazuri katika majaribio yaliyochapishwa 2022. Anayesinzia shambani, hata hivyo, bado anasubiri mtu wa kumpapasa shingo.