Difu ya Pikapu Inagonga Mawe? Soma Kabla Hujaongeza Springi

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea chuma, maana msimu uliopita nimeona nyanya nzuri zikioza, na safari hii kantangaze hakuhusika. Ni jiwe tu.

Ilikuwa upande wa Ilula, Kilolo. Kijana mmoja, mkulima makini kabisa, alipakia matenga 20 kwenye Hilux yake akapanda kutoka bondeni kwenda barabara kuu. Mvua ilikuwa imeila njia. Matairi ya magari yamechimba mifereji miwili, katikati limebaki tuta la mawe. Akasikia "ngoo!" chini ya gari. Unadhani alisimama? Wapi, aliongeza mwendo, mnunuzi alikuwa anamsubiri. Kumbe pale inapokaa nati ya kumwagia oili pamepasuka, oili inachora mstari barabarani. Mbele kidogo difu ikaanza kulia, halafu ikajifunga kabisa. Nyanya zilikaa juani siku mbili. Difu nyingine ya mtumba pamoja na ufundi vilikula hela yote ya mbolea ya msimu uliofuata.

Nilipofika nikamuuliza, "Mdogo wangu, si uliniambia gari umeinua?"

"Niliinua, bwana shamba. Niliongeza springi mbili kila upande."

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kwenye pikapu nyingi za kazi, ekseli ya nyuma ni bomba moja zima, difu iko katikati yake, na bomba hilo linabebwa na matairi. Springi zinainua chesisi na bodi tu. Ongeza springi hata tano, bodi itapanda lakini difu itabaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi, na hapo napo ukifunga lenye kipenyo kilichozidi kwa inchi 2, difu inapanda inchi 1 tu. Tairi lenye upepo mdogo nalo linaishusha, kwa hiyo kabla ya kupakia pima upepo, ni bure.

Baada ya hapo ndiyo tunakuja kwenye ngao. Huhitaji kuagiza nje. Fundi wa kuchomelea anayejua kazi anaitengeneza kwa bamba la chuma la milimita 5 au 6. Kipande cha sentimita 40 kwa 30, milimita 6, hakifiki kilo 6. Fundi akikwambia "tuweke milimita 10 iwe ngumu zaidi", kataa. Uzito huo haubebwi na springi, unakaa kwenye ekseli yenyewe, na kila shimo unalopita linazidi kuumiza matairi na shokapu.

Umbo lake ndilo lenye kazi. Bamba likunjwe kama mtumbwi, pua ipande juu mbele na nyuma pia, kwa sababu kuna siku utarudi rivasi juu ya mawe yaleyale. Lengo ni gari liteleze juu ya jiwe, siyo kupambana nalo. Acha nafasi ya kama sentimita 1 kati ya bamba na difu, ili likibonyea lisibonyeze ganda. Vichwa vya bolti vizame ndani ya bamba, la sivyo jiwe la kwanza linavikata. Toboa tundu chini ya nati ya oili, na matundu mengine ya kutolea tope, maana tope likijaa humo linashika unyevu na chuma kinaliwa na kutu.

Na hili nalisisitiza: usikubali bamba lichomelewe moja kwa moja kwenye bomba la ekseli. Moto unaweza kulipinda bomba na kuunguza sili. Lifungwe kwa yubolti, mbali na mabomba ya breki na kebo ya handbreki, na baada ya wiki moja ya kazi nati zikazwe tena.

Kama gari lako lina difu ya mbele iliyofungwa kwenye chesisi, hiyo inashuka kweli mzigo ukizidi. Magari mengi ya namna hiyo yalitoka kiwandani na ngao yake, ila mafundi wetu wanaifungua wakati wa kumwaga oili na hairudi tena. Nenda kachungulie sasa hivi.

Ukiwa na ngao, bado ukisikia mlio chini, simama. Chungulia kama kuna oili inayodondoka. Oili ya difu ina harufu kali kama ya kiberiti, huwezi kuikosa. Ikiwa inavuja, shusha mzigo, tafuta gari lingine liupeleke sokoni. Ikiwa haivuji, ukifika nyumbani fungua nati ya kujazia oili gari likiwa limesimama sehemu tambarare na limepoa. Oili inatakiwa ifike usawa wa mdomo wa tundu. Ukiikuta nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, imwage yote. Ila kabla hujaimwaga, hakikisha nati ya kujazia inafunguka. Nimeona mtu ameshamwaga oili yote, nati ya juu ikagoma, gari likalala kwenye jeki siku tatu katikati ya mavuno.