Mpunga unapotelea nyumbani mbele ya kufika sokoni



Tukitembelea mashamba ya bonde la Ruzizi, kuanzia Kiliba na Sange mpaka Luvungi, tunauliza kila mara: ni nini kinapunguza mavuno yenu? Mnatujibu: maji, mbegu, ndege, panya, bei mbaya. Yote ni kweli. Lakini kuko sababu ingine ambayo watu hawaisemi katikati ya mkutano. Wanatuambia pembeni, wakati tunafunga mizigo ya kurudi Uvira: baba na mama hawasikilizani juu ya makuta ya mavuno.

Leo tunaacha kidogo mambo ya mbolea, tunaongea juu ya nyumba. Hatutaki kuingia katika siri za watu. Ila sisi waagronomu tumeona kwamba ugomvi wa nyumbani unaonekana mpaka ndani ya gunia.

Ugomvi unaingia namna gani ndani ya gunia?

Mpunga mzuri unakatwa wakati punje 80 mpaka 85 juu ya 100 zimegeuka rangi ya majani makavu. Kisha unaanikwa juu ya shitingi mpaka unyevu ushuke kufika 14 kwa 100. Ukikatwa mbichi, punje zinakuwa nyepesi na zinavunjika kwenye mashini. Hayo mnayajua, tulisha kuyafundisha.

Sasa angalieni kile kinachopita. Baba ana deni, anauza mpunga kwa siri ungali shambani, kwa bei ya chini. Mama anasikia habari kwa jirani. Anaogopa kwamba hatapata kitu, naye anakata sehemu yake haraka, anapeleka beseni mbili tatu kwa mchuuzi. Hakuna mwizi hapo. Kila mmoja anajiokoa. Lakini mpunga umekatwa mbichi, haukukauka, bei imeanguka mara mbili. Mwezi wa kenda msimu A ukianza, familia inaenda kukopa mbegu, na mtoto wa sekondari anafukuzwa juu ya minervali. Kwa muhogo ni vile vile: unang'olewa mbele ya kukomaa, kwa kuwa kila mmoja anaogopa mwenzake atamtangulia.

Hata sisi tulikosea. Kwa muda mrefu tuliita kwenye mafunzo wale tu ambao majina yao yameandikwa katika daftari ya koperative, na wengi wao walikuwa wababa. Tulifundisha kuanika mpunga kwa watu ambao si wao wanaanika.

Wenzetu wa Kasese

Upande wa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, katika wilaya ya Kasese, kuko koperative ya walimaji wa kahawa inayoitwa Bukonzo Joint. Walikuwa na ugonjwa huo huo: bwana na bibi walishindana kuchuma kahawa ingali mbichi, kila mmoja auze kwanza. Walianza kuketi pamoja na kuchora mti wa familia. Kwenye mizizi wanachora kazi na makuta ambayo kila mmoja analeta. Kwenye matawi wanachora matumizi, na nani anafaidika. Mtu asiyejua kusoma anaelewa vilevile. Baba wengi walishangaa kuona mizizi ya upande wa mama ni mizito, na matawi yake membamba. Ugomvi ulipopungua, kahawa ikapata wakati wa kuiva, na ubora wake ukapanda.

Namna ya kufanya hapa kwetu

Kwanza, ketini mbele ya mavuno, si kisha. Wiki mbili au tatu mbele zinatosha. Makuta yakiisha kuingia mfukoni, mazungumzo yanakuwa magumu.

Pili, gawanyeni magunia mbele ya kugawanya makuta. Tuseme familia inangojea magunia 10. Inaweza kusema: 4 ya kula mpaka mavuno mengine, 1 ya mbegu, 1 ya hatari, 4 ya kuuza kupitia koperative. Huo ni mfano tu, kila nyumba ina hesabu yake. Lile la hatari msilidharau: tunakumbuka mto Mulongwe mwaka 2020, ulichukua nyumba na akiba kwa siku moja.

Tatu, kwa magunia ya kuuza, semeni wazi: hili ni la minervali, hili la deni, hili la nguo na dawa. Kila mmoja awe pia na makuta kidogo asiyoulizwa. Ukosefu wa hayo kidogo ndio unaleta siri.

Nne, akiba isikae chini ya kitanda. Wale walio na MUSO wanajua: kisanduku cha kijani ni cha kukopeshana, chekundu ni cha kusaidiana kwa ugonjwa na kilio. Baba na mama wote wajue ni kiasi gani kimewekwa.

Kama bwana yuko mbali, kwa mfano Misisi kwenye dhahabu, muongee kwa simu mbele ya kukata. Mama mjane aketi na watoto wakubwa. Penye bibi wawili, kila nyumba na hesabu yake, lakini baba asitoe ahadi moja mara mbili.

Na kama mmoja anakataa?

Anzeni na jambo moja dogo, kwa mfano gunia la mbegu. Likifaulu, mengine yatafuata. Wababa wengine wanatuambia: «Mnataka bibi akuwe mkubwa wa nyumba.» Hapana. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, iliyobadilisha Kodi ya Familia ya 1987, ilitosha ile lazima ya mama kupata ruhusa ya bwana. Inasema wenye ndoa wasikilizane kwa mapatano yanayowafunga. Ni kusikilizana, si kutawala. Lakini kama nyumbani kuko mapigo, mama asilazimishe kikao hiki peke yake. Atafute kwanza mtu anayemwamini, ao kituo cha afya.

Tunaomba kila koperative, katika mkutano unaokuja, familia tatu zilizo tayari zijaribu kuchora mti wao. Tutaleta karatasi kubwa na kalamu. Na safari hii tafadhali mje wawili wawili, baba na mama. Kidole kimoja hakivunji chawa.