Mtoto Asiyemo Daftarini

Takwimu za watoto wa chekechea hazikosekani Arua wala Koboko, wilaya za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Shirika linalofadhili kituo cha chekechea lina zake, ofisi ya elimu ya wilaya ina zake, na wizara kule Kampala ina zake. Hata hivyo karibu zote zimetoka kwenye chanzo kimoja, yaani daftari la kituo, na daftari humhesabu mtoto aliyekwisha kufika. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, lakini uendeshaji wake imewaachia watu binafsi, makanisa, misikiti, jumuiya za wazazi na mashirika. Serikali iliyoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997 hupanga mtaala wa awali, husajili na kukagua vituo, ila mshahara wa mlezi anayewafundisha watoto kituoni haumo katika bajeti yake. Kwa hiyo kituo kisichosajiliwa huwa hakionekani, na mtoto asiye na kituo haonekani kabisa. Ndiyo maana nasema mfumo wa takwimu utaifaa elimu ya awali ya West Nile ukianza kuhesabu nyumbani, na majibu yake yakimrudia mlezi.

Ushahidi wa kwanza uko darasa la kwanza. Mwaka 2019 watafiti wa shirika la RTI International walichapisha uchunguzi kuhusu msongamano wa wanafunzi katika madarasa ya mwanzo nchini Uganda. Walikuta kwamba watoto wengi hurudia darasa la kwanza, tena kwa kiwango kinachopita mbali kile kinachoonyeshwa na kumbukumbu za shule, na kwamba kukosekana kwa chekechea ni sehemu ya sababu. Mzazi asiye na kituo karibu, au asiye na ada, humpeleka mwanawe mdogo shule ya msingi akakae na wakubwa, na mwaka unaofuata mtoto huyo anaandikwa upya kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Anayesoma takwimu hizo ofisini huona darasa la kwanza limefurika na warudiaji ni wachache, akaamua kuongeza madawati. Kumbe sehemu ya umati ule ni chekechea isiyo na jina. Swali moja tu, mtoto huyu alikuwa wapi mwaka jana, lingebadilisha uamuzi wote.

Ushahidi wa pili unatokana na jiografia. Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Familia huvuka mpaka wa Oraba kwa biashara au kwa kukimbia vita. Upande wa Arua, watu wa Vurra na wa soko la Ariwara ni majirani waliotenganishwa na mpaka wa Kongo. Tangu mwaka 2013 kambi ya Lobule, huko Koboko, imepokea wakimbizi kutoka Kongo. Katika hali hiyo orodha huchakaa upesi. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa waliwahakiki wakimbizi mmoja mmoja kwa alama za vidole, na hesabu iliyokuwa takriban milioni 1.4 ikashuka hadi kama milioni 1.1. Hapo karatasi zilizidi watu. Katika elimu ya awali watu ndio wanaozidi karatasi. Makosa hayo mawili dawa yake ni moja: kumfuata mhusika alipo.

Njia ya kumfuata tayari ipo. Timu za afya za vijiji hupita nyumba kwa nyumba, na kadi ya chanjo humtambua mtoto miaka kadhaa kabla ya mwalimu. Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu ulioingia Uganda mwaka 2010, uliwapima watoto majumbani, ndiyo maana uliwafikia hata wasiosoma popote. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) na timu ya afya wanaweza kutunza orodha ya kila mtoto wa kijiji aliye chini ya miaka sita, yenye maswali machache: umri, lugha ya nyumbani, kama anahudhuria kituo, na kama ana shida ya kuona, kusikia au kutembea. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Maswali yaliyotolewa mwaka 2016 na UNICEF pamoja na Kundi la Washington, linaloshughulikia takwimu za ulemavu, huuliza ugumu anaoupata mtoto bila kutaja ulemavu, kwa kuwa mzazi huficha jina la aibu lakini huyasema matatizo ya mwanawe. Lugha nayo ina kazi: tangu mtaala wa mwaka 2007, madarasa matatu ya mwanzo hufundishwa kwa lugha ya eneo, Kilugbara Arua na Kikakwa Koboko, na mtoto aliyezoea Kiswahili au lugha nyingine nyumbani anahitaji kuandaliwa mapema.

Kukusanya hakutoshi. Tuchukue daftari la mahudhurio lenyewe: majina upande wa kushoto, siku tano kwa juu, alama za vema katikati. Tuseme safu ya Jumatano ina matundu mengi kila wiki, na Jumatano ni siku ya soko. Mlezi akikaa na kamati ya wazazi mbele ya ukurasa huo, watapanga nani awalete watoto wakati mama wako sokoni. Fomu inayokwenda wilayani huandika jumla ya mwezi peke yake, na jumla huifuta Jumatano. Hivyo msomaji wa kwanza wa takwimu awe yule aliyeziandika. Wilaya na wizara wafuate.

Wapo watakaosema mlezi anayelipwa kwa ada za kubahatisha hahitaji fomu nyingine. Wana haki, na ndiyo sababu maswali yawe machache, na kila shirika liache kuleta fomu yake. Wengine watataja umeme na mtandao. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, lakini orodha ya kijiji huandikwa kwa kalamu, na simu moja ya parishi inatosha kuituma. Pingamizi zito ni la siri: familia ya mkimbizi ina sababu ya kuiogopa orodha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa na matumizi yenye mipaka, kwa hiyo kinachopanda juu kiwe idadi, na majina yabaki karibu na wanaomlea mtoto. Kuna pia hofu kwamba takwimu zitageuka kisingizio cha kuchelewesha fedha. Lakini serikali haiwezi kudaiwa mishahara ya walezi ambao idadi yao haijulikani, kwa ajili ya watoto ambao haijawahi kuwahesabu. Wizara imeanza kumpa kila mwanafunzi namba ya utambulisho. Namba hiyo ikianzia kwenye kadi ya chanjo, bajeti ya wilaya italazimika kumjibu hata mtoto ambaye hajawahi kukanyaga kituo.