Kola, Deraya na Mchuchumio: Kweli na Uzushi kuhusu Mavazi ya Kasri kwenye Gemu

Katika The Witcher 3: Wild Hunt, gemu iliyotolewa mwaka 2015 na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, Geralt muuaji wa madubwana haruhusiwi kumwona kaizari wa Nilfgaard hivi hivi tu. Kwanza aoge, anyolewe ndevu, achague koti la kuvaa na afundishwe kuinama. Nguo za namna hiyo zimeazimwa kutoka makasri ya Ulaya, na wachezaji wana mengi ya kusema juu yake. Tupime madai saba.

1. Mavazi ya gemu za njozi yametoka Zama za Kati.

SI KWELI, kwa sehemu kubwa. Ngome na panga ndizo za Zama za Kati. Nguo mara nyingi ni za baadaye. Watazame makabaila wa Nilfgaard: mavazi meusi, na kola nyeupe ya marinda iliyozunguka shingo. Kola hiyo ilishamiri nusu ya pili ya karne ya 16, na haikusimama bila kutiwa wanga. Wakati huo Ulaya ilikuwa imeshapiga vitabu chapa kwa miaka 100 hivi. Wabunifu huvutiwa na kipindi hicho kwa sababu picha za watawala wake zimebaki tele, zimechorwa kwa makini hadi uzi wa tarizi unaonekana.

2. Nyeusi ilikuwa rangi ya msiba na ya watu waovu tu.

SI KWELI. Philippe, dyuki wa Burgundy aliyeitwa Mwema, alivaa nyeusi baba yake alipouawa mwaka 1419. Matanga yakaisha, yeye akaendelea nayo, na rangi ikawa ya heshima. Karne iliyofuata, Felipe II wa Hispania akaifanya sura ya utawala wake. Nyeusi iliyokolea ilikuwa ghali, kwani rangi za bei nafuu zilichuja upesi. Wahispania walipofika Campeche, katika Mexico ya leo, walikuta mti uliotoa weusi mzito, nao ukawa bidhaa ya kuvukishwa bahari. Aliyetinga nyeusi mbele ya mfalme alikuwa anatangaza mfuko wake. Kumvika adui mkuu rangi hiyo ili tumwogope ni mazoea ya sinema na gemu.

3. Kumfungia mchezaji vazi mpaka apande levo ni hila ya watengenezaji wa gemu.

SI KWELI. Wafalme walitangulia. Amri ya Elizabeth I wa Uingereza ya mwaka 1574 ilipanga nani avae nini: hariri ya zambarau iliwekewa jamaa wa kifalme, na hata makabaila wakubwa waliruhusiwa kuitumia kwenye baadhi ya nguo tu. Ufaransa, katika miaka ya 1660, Louis XIV alibuni koti la buluu lenye bitana nyekundu na tarizi za dhahabu na fedha. Uwe na fedha kiasi gani, hukulivaa bila hati ya mfalme, na hati zenyewe zilikuwa chache. Mchezaji anayekesha akitafuta skini adimu angeelewana vizuri na watu wa Versailles, kasri la mfalme huyo.

4. Deraya yenye mikunjo na mapambo kama ya nguo ni njozi tupu.

SI KWELI. Jumba la makumbusho la Kunsthistorisches mjini Vienna lina deraya ya Wilhelm von Rogendorf, iliyofuliwa na Kolman Helmschmid wa Augsburg mnamo 1525. Mikono yake imevimba na kuchanwa-chanwa, sawasawa na mikono ya makoti ya hariri ya siku zile, ila yote ni chuma. Mafundi walifuata fasheni kama washonaji. Uzito nao hutiwa chumvi: deraya kamili ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 20 hadi 25, zikigawanywa mwili mzima, na mvaaji alipanda farasi bila winchi. Njozi halisi ni bamba la kifua lililochongwa matiti mawili. Bonde la katikati lingeelekeza ncha ya upanga moyoni, ilhali kazi ya bamba ni kuitelezesha pembeni.

5. Makabaila wa Ufaransa waliishi nyuma ya barakoa, kama wale wa Orlais.

NUSU KWELI. Himaya ya Orlais katika Dragon Age: Inquisition (2014) ina harufu ya Versailles kila kona. Lakini Versailles barakoa zilikuwa za dansi maalumu. Maarufu zaidi ni ile ya Februari 1745, Louis XV alipoingia amejigeuza mti wa bustani uliokatwa kwa mkasi, akiwa na wenzake waliovaa vivyo hivyo. Barakoa ya kuvaa mitaani ni ya Venice ya karne ya 18. Tofauti kubwa iko kwenye kazi yake. Venice ilificha cheo. Orlais inatangaza ukoo wa mvaaji.

6. Mwanamume wa mchuchumio na lesi ni ubunifu wa Wajapani.

SI KWELI, ingawa Wajapani wana mchango wao. Wapanda farasi wa Uajemi walivaa visigino ili mguu ushike kikuku, na wanaume wa Ulaya wakaviiga karne ya 17 ilipoanza. Katika picha aliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, Louis XIV anaonyesha miguu yake kwa fahari, visigino vikiwa vyekundu. Hata kizibao kina historia ya namna hiyo: Charles II wa Uingereza alikiingiza kasrini kwake Oktoba 1666, na watu wa wakati wake walikiona ni mtindo wa Kiajemi. Kwa Wajapani, katuni ya Riyoko Ikeda kuhusu Versailles, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, iliwapa wasomaji wengi sura ya kasri la Kifaransa.

7. Kuchanganya karne tofauti ni kosa la mbunifu.

INATEGEMEA. Dunia ya njozi haina kalenda ya Ulaya, kwa hiyo kola ya 1580 inaweza kukaa juu ya deraya ya 1480. Ila makasri hayakuwahi kuvaa kwa urembo peke yake. Rangi, kitambaa na upana wa gauni vilisema nani atangulie mlangoni, nani aketi na nani asimame. Gemu inayoazima mshono na kuuacha utaratibu huo inajikuta na mpishi na dyuki waliovaa mahameli ileile, na mchezaji hajui amwinamie nani. Geralt anapolazimishwa kubadili nguo, gemu imeazima utaratibu pamoja na mshono. Hicho ndicho kipimo kinachofaa, kuliko kuhesabu miaka ya vifungo.