Prison Break na Wafu Wasiokaa Kaburini

Prison Break ilizikwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 15 Mei 2009, kituo cha Fox cha Marekani kiliporusha kwa mpigo vipindi viwili vya mwisho vya msimu wa nne na kutufikisha kwenye kaburi la mhusika wake mkuu, Michael Scofield. Mara ya pili ni Julai ya mwaka huohuo, ilipotoka DVD ya The Final Break kueleza jinsi Michael alivyokufa. Mara ya tatu ni tarehe 30 Mei 2017, ulipomalizika msimu wa tano, ule ulioanza kwa kutuambia kwamba kaburini hapakuwa na Michael wala mifupa yake. Tamthilia inayohitaji mazishi matatu ilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulianza zamani kabla ya jeneza la kwanza.

Katika miji ya reli ya mkoa wa Haut-Lomami, Kongo, kama Kabondo-Dianda, kuifuata tamthilia ya namna hii kwa ratiba ya Fox ni jambo lisilofikirika. Kongo nzima, mtu mmoja hivi kati ya watano ndiye mwenye umeme. Wengine ni jenereta, sola na betri. Prison Break huingia mjini mfukoni mwa msafiri, kwenye flashi au kadi ya simu, msimu mzima kwa mkupuo, na waigizaji wakisema Kifaransa. Tafsiri hiyo ilianza kurushwa Ufaransa na kituo cha M6 mwishoni mwa Agosti 2006, na mwanzoni mwake kuna wimbo wa Faf Larage ambao haumo kabisa katika toleo la Marekani. Upande wa Dar es Salaam na Nairobi ilitembea kwenye sahani za DVD zilizobanwa msimu mzima. Njia ni tofauti, ila utazamaji ni uleule: vipindi vitano, sita kwa usiku mmoja, mpaka betri ikate.

Namna hii ya kutazama ina ukali wake. Mmarekani alisubiri wiki nzima kati ya kipindi na kipindi, na katika wiki moja mtu husahau mengi. Anayetazama kwa mkupuo hasahau. Mtu aliyekufa saa mbili usiku akifufuka saa saba, mtazamaji wa Kabondo-Dianda bado ana uchungu wa kifo chake, na atataka kujua alilia kwa ajili gani.

Kwenye vibanda vya video vya pwani, walikotamba wasimuliaji kama Lufufu wa Dar es Salaam, aliyezivisha filamu za kigeni maneno ya Kiswahili, kuna sheria ambayo hata mtoto anaijua: steringi hafi. Adui hufa, rafiki wa steringi hufa karibu na mwisho ili steringi apate hasira, lakini yeye mwenyewe risasi humkwepa. Msimu wa kwanza wa Prison Break, ulioanza tarehe 29 Agosti 2005, ulitutia shaka juu ya sheria hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake yote.

Hadithi ni nyepesi kueleza. Lincoln Burrows amehukumiwa kifo kwa kumuua Terrence Steadman, ndugu wa makamu wa rais. Mdogo wake Michael, mhandisi wa majengo, anaiba benki kwa makusudi ili afungwe naye katika gereza la Fox River, ramani ya gereza ikiwa imechorwa mwilini mwake kwa chale. Kuanzia hapo kila kitu kina bei. Anahitaji bolti moja ya benchi la uwanjani, na bolti hiyo tu inamtoa jasho kipindi kizima. Anamhitaji Abruzzi, bosi wa majambazi, na Abruzzi anamkata vidole viwili vya mguu. Anahitaji mlango wa zahanati uachwe wazi. Daktari Sara Tancredi anauacha, na kwa sababu hiyo anapoteza kazi na kidogo apoteze uhai. Walirekodi katika gereza halisi la Joliet, Illinois, lililofungwa mwaka 2002, na uzito wa kuta zile unauona. Hakuna jambo linalopatikana bure, na mlipaji hurudi kipindi kinachofuata akiwa na kilema chake.

Lakini tazama kipindi cha 13. Usiku wa kutoroka umefika, wafungwa wamepita chini ya sakafu, wamefika kwenye bomba lililokuwa limeliwa na tindikali, na wanakuta limebadilishwa. Kibiashara jambo hili lina maelezo yake. Fox ilikuwa imeagiza vipindi 13. Watazamaji wa kwanza walikuwa milioni 10 na ushei, basi ikaongeza tisa. Kutoroka kukaahirishwa. Kwa bahati, ucheleweshaji ule uliandikwa vizuri, na Westmoreland, mfungwa mzee aliyefuga paka, alikufa kweli kabla ya kufika ukutani. Wanane walitoka. Hadithi ilikuwa imekwisha.

Hilo ndilo tatizo la Prison Break kwa neno moja: jina lake lina mwisho ndani yake. Kabla haijafika hewani iliwahi kufikiriwa kuwa hadithi fupi ya sehemu 14, na ingekuwa hivyo leo tungeizungumzia kwa heshima. Kilichofuata ni miaka ya kutafuta kisingizio cha kuendelea. Msimu wa pili, wa wakimbizi wanaowindwa, ulipata kisingizio kizuri, hasa kwa kuja kwa mpelelezi Alexander Mahone, aliyechezwa na William Fichtner kana kwamba mwili wake unaunguzwa kwa ndani. Msimu wa tatu uliwarudisha watu gerezani, Sona huko Panama, ukakatizwa na mgomo wa waandishi wa Hollywood uliodumu kutoka Novemba 2007 hadi Februari 2008, ukaishia vipindi 13. Msimu wa nne haukuwa na gereza kabisa.

Ni katika msimu wa tatu ndipo yalipotendeka makosa ambayo wa nne ulikuja kuyalipia. Sarah Wayne Callies, aliyemcheza Sara, hakurejea, mazungumzo na watengenezaji yakiwa yamekwama. Waandishi wakaamua kumuua Sara kwa njia ya kikatili kuliko zote: Lincoln anafungua sanduku na kukuta kichwa. Mashabiki wakalalamika, mazungumzo yakaanza upya, na tarehe 1 Septemba 2008, katika kipindi cha kwanza cha msimu wa nne, tukaambiwa kwamba kichwa kile kilikuwa cha mwanamke mwingine. Mwanamke gani, hakuna anayejali. Sara yuko hai, anakumbatiwa, safari inaendelea.

Watu wa ukanda huu wa Kongo wana mfano wa jambo hili karibu na nyumbani. Mwanzoni mwa 1993 wanajeshi wa Mobutu walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa, na fujo ikazuka. Oktoba ya mwaka huo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na watu wa Kasai, kule inakoelekea reli yetu baada ya Kamina, wakaigomea na kuendelea na noti zao kuukuu. Waliona kwamba fedha inayochapishwa kila mtawala anapobanwa haina kitu nyuma yake. Katika tamthilia ya uhalifu fedha ni kifo. Mwandishi akishakirudisha kifo kimoja kwa sababu amebanwa, vifo vyote alivyotulipa nyuma na atakavyotulipa mbele vinapungua thamani.

Ukiutazama msimu wa nne kwa jicho hilo, unaona kuanguka kwake hatua kwa hatua. Wafungwa wetu wako Los Angeles, katika ghala, wakifanya kazi kwa siri kwa ajili ya ofisa wa serikali, Don Self: wapate Scylla, siri kuu ya lile genge linaloitwa Kampuni, nao wapewe uhuru. Scylla inafunguliwa kwa kadi sita, kila kadi ina mwenyewe, kwa hiyo kila kipindi kina kadi yake. Mapema kabisa Michael anafutwa chale zake zote. Ramani iliyobeba misimu miwili inaondolewa mwilini kwa mkupuo, kama mtu anayevua shati. Mahali pake kinaingia kifaa cha kijana Roland, kisanduku kinachonyonya siri za mashine yoyote iliyo karibu nacho. Yule aliyehangaika kwa bolti moja sasa ana kifaa kinachofungua dunia. Vidole viwili vya mguu havikatwi tena kwa ajili ya kitu chochote.

Baada ya Self kuwageuka na kukimbia na Scylla, msimu unabaki kuwa mchezo wa kupokezana mali ileile. Self anayo, kisha hana. Lincoln anamtafutia jenerali wa Kampuni, adui yake wa jana. Gretchen, aliyekuwa mtu wa Kampuni, na T-Bag, mfungwa mwenzao wa Fox River, wanahama upande kila baada ya robo saa. Hata Scylla yenyewe inabadilika: mwanzo ni daftari la siri za Kampuni, baadaye ni teknolojia ya nishati ya kubadilisha dunia. Mwandishi asiyejua hazina yake ni nini hawezi kumfanya mtazamaji aitamani. Kisha anatokea Christina, mama wa kina Burrows, aliyedhaniwa amekufa tangu Michael akiwa mtoto. Na katika kipindi cha mwisho anabisha hodi Paul Kellerman, mtumishi wa zamani wa Kampuni, ambaye misimu miwili nyuma tulimwacha ndani ya gari la wafungwa, mlango ukifunguliwa na watu wenye bunduki. Naye yu hai, amevaa suti, ana karatasi za kuwasamehe wote.

Sara, Christina, Kellerman, na mwaka 2017 Michael mwenyewe. Mtu anaweza kujibu kwamba tamthilia hii ilijengwa juu ya kifo cha uongo tangu mwanzo, kwani Steadman, yule ambaye Lincoln alikaribia kuuawa kwenye kiti cha umeme kwa ajili yake, alikuwa hai amefichwa. Ni kweli, na ndiyo maana tofauti inaonekana wazi. Kifo cha Steadman kilikuwa uongo wa wahalifu ndani ya hadithi, uongo uliogharimu maisha ya watu, na Veronica Donovan, wakili wa Lincoln, alipigwa risasi kwa kuugundua. Vifo vilivyofuata vilikuwa uongo wa waandishi kwetu.

Haki itendeke: msimu ule una kifo kimoja cha kweli. Katika kipindi cha tisa Brad Bellick, askari jela aliyewatesa wafungwa Fox River, kisha akaonja jela mwenyewe, anabaki ndani ya maji akilishikilia bomba ili wenzake wapite. Mtu mnafiki, mlafi, mnyonge, anafanya jambo moja kubwa na halirudishwi. Nimeona watu ambao kwa misimu mitatu walimwombea Bellick mabaya wakinyamaza kipindi kile kilipokwisha. Hiyo inaonyesha waandishi hawakuwa wamesahau kazi yao. Walijua. Walikuwa na vipindi 22 vya kujaza, na watu wa kutosha vipindi 10.

Fox ilitangaza Januari 2009 kwamba huo ndio mwisho. Vipindi vilivyobaki vikahamishwa kutoka Jumatatu hadi Ijumaa usiku, vikarudi hewani Aprili, na usiku wa kaburi walibaki watazamaji milioni 3 hivi. Kuhusu msimu wa tano, wa vipindi tisa, wenye gereza la Ogygia huko Yemen lakini uliorekodiwa kwa sehemu Morocco, sina mengi. Hata mkono wa T-Bag, uliokatwa kwa shoka mwaka 2006, ulipatiwa mbadala wa kisasa wenye vidole vinavyocheza. Mwaka 2020 Wentworth Miller alisema hatamcheza tena Michael, na hilo ndilo kufuli pekee lililowahi kushika kwenye mlango huo.

Ugonjwa huu haukufa na Prison Break. La casa de papel ya Uhispania ilikamilika vizuri mwaka 2017 kwenye Antena 3, wezi wametoka na fedha zao. Netflix ikainunua, ikairefusha hadi 2021, na Berlin, aliyekuwa ameuawa, akaendelea kuonekana kwa mbinu ya kumbukumbu za nyuma. Wanaoandika tamthilia za kila siku za Nairobi na Dar es Salaam, wanaolipwa kwa idadi ya vipindi, wanaujua mtego huu kuliko mimi.

Mwaka 2023 zilitoka habari kwamba Hulu inaandaa Prison Break nyingine, chini ya Elgin James, yenye watu wapya. Itafika Kabondo-Dianda kwa njia ileile. Kwa anayepakia kadi yake leo na nafasi ni ndogo, ushauri wangu ni huu: chukua vipindi 22 vya msimu wa kwanza. Wa pili ni hiari yako, kwa ajili ya Mahone. Nafasi itakayobaki, weka kitu kingine.